Wembe Unapita kwa Ngozi Kabla, Sio Baada

Wasee, leo tuongee wembe. Sio ule wa plastiki unanunua kwa kiosk, unatumia mara mbili, unatupa. Naongelea wembe wa kukunja, ule wa mpini unaofunguka kama kisu cha mfukoni. Siku hizi vijana kibao wanautaka kwa sababu unakaa poa kwa video. Halafu ukishafika mkononi, swali ni moja: ule mkanda wa ngozi unatumika lini, kabla ya kunyoa au baada?

Msimamo wangu ni kabla. Kila unaponyoa, bila kuruka. Na kabla hata hujafungua mfereji.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanachanganya. Kinoo ni jiwe. Kinakula chuma na kuunda makali upya, na hiyo ni kazi ya mara moja baada ya miezi kadhaa, kulingana na unavyonyoa. Ngozi kazi yake ni nyingine. Makali ya wembe ni membamba sana, na ukinyoa yanapindapinda hapa na pale kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Ngozi inayanyoosha na kuyasafisha. Ndiyo maana wembe butu kabisa hautaokolewa na ngozi hata uupitishe mpaka kesho. Ukiona umeupitisha vizuri na bado unavuta ndevu badala ya kuzikata, huo unataka kinoo.

Sasa, nina beshte yangu anayeshikilia kwamba mkanda ni wa baada. Hoja yake ni kwamba wembe umetoka kazini umechoka, kwa hivyo utengeneze mara moja uwe tayari kwa siku nyingine. Naelewa anakotoka, na kuna kitu kimoja amepatia: wembe haufai kuachwa na maji na povu. Lakini hiyo ni kazi ya kitambaa. Suuza, panguza, uache wazi ukauke vizuri ndipo uukunje. Ukiupeleka kwa ngozi ukiwa bado na unyevu, unaiharibu ngozi pia.

Halafu kuna suala la siku zinazopita katikati. Nyembe nyingi za aina hii, hasa zile za zamani kutoka Sheffield kule Uingereza na Solingen kule Ujerumani, ni za chuma kinachoshika kutu. Kutu haingoji uione. Inaanzia pale pembamba zaidi, yaani kwenye makali yenyewe. Kama unaishi Mombasa na hewa yake ya chumvi, unajua vile chuma huteseka. Kwa hivyo makali uliyoyanyoosha Jumamosi siyo utakayoyakuta Jumatano. Yanyooshe Jumatano, dakika chache kabla yaguse shavu lako.

"Si basi nifanye zote mbili?" Unaweza, hakuna atakayekushika. Kuna hata wanaopitisha mara chache kwenye kitambaa baada ya kunyoa ili kukausha tu. Mimi naona kila mpito wa ziada ni nafasi moja zaidi ya kuteleza, ukate ngozi au uharibu makali. Afadhali mara moja, ukiwa umetulia.

Na kwa nini kabla ya mfereji? Kwa sababu mikono mikavu haitelezi. Ukishapaka povu unaanza kuharakisha maana linakauka usoni, na haraka na wembe hazikai nyumba moja. Anza na mkanda, halafu maji ya moto, halafu povu, halafu kunyoa.

Kuhusu namna yenyewe: vuta mkanda ukaze, usilegee. Laza wembe, mgongo na makali vyote viguse ngozi. Mgongo ndio unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho, geuza kwa mgongo, makali yakiangalia juu, kisha urudi. Usikandamize. Kama mkanda wako una upande wa kitambaa, anzia hapo mara 20 hivi, kisha ngozi mara 40 hadi 60. Na tafadhali, usitumie ule mshipi wako wa suruali. Mingi tunayoiita ngozi ni plastiki iliyopakwa rangi.

Lakini kitu kinachonifanya niandike haya yote ni kinyozi. Kuna mtu ataona video za mkanda kisha afikirie kwamba wembe uliopitishwa kwa ngozi umekuwa safi. Haujakuwa. Ngozi inanyoosha makali, haiui virusi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, na tone dogo la damu lisiloonekana linatosha. Na mkanda huwezi kuuchemsha kati ya mteja na mteja. Kwa hivyo wembe wa kukunja na mkanda wake ni vya mtu mmoja, kama mswaki. Hata ndugu yako usimwazime.

Ukiwa kwa kiti cha kinyozi, unachotaka kuona ni kipande kipya cha wembe kikitolewa kwa karatasi mbele ya macho yako, kikatiwe kwa kishikio, na kikitoka kwako kitupwe. Hicho hakipitishwi kwa ngozi hata kidogo. Usione haya kuuliza, "Boss, hiyo ni mpya?" Kinyozi mzuri hatakasirika. Akikasirika, inuka uende.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi naongeza: mpe na mkanda, na umwonyeshe ni saa ngapi ya kuutumia. Wembe usio na makali unakufanya ukandamize na urudie pale pale, na uso ndio unalipa, hasa sisi wenye ndevu za kujikunja ambazo zikikatwa karibu sana zinarudi ndani na kuacha vipele. Dakika tatu za mkanda, mkono mkavu, kisha unyoe mara moja kufuata ndevu zinavyoelekea. Kama huna hizo dakika tatu asubuhi, nenda kazini na ndevu zako. Hazijaua mtu.