Peugeot 504 ya bamkubwa si chuma chakavu!

Haya wadau, nimerudi kampasi toka likizo Kasulu, na nimerudi na hasira.

Mwenzangu wa chumba, mtoto wa Dar, kaona picha ya pick-up ya bamkubwa, Peugeot 504, akacheka mpaka akakaa chini. Eti tuiuze chuma chakavu tununue Peugeot ya kisasa, 3008. Kibaya zaidi binamu zangu nao wimbo ni huo huo, na kikao cha ukoo ni Desemba. Sasa nisikilizeni.

504 ilitoka 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. 3008 ikapata tuzo hiyo hiyo 2017. Kwa hiyo zote ni gari za maana, tusidanganyane. Swali langu ni moja: ipi itatoa maharage vijijini Kibondo mvua ikichachamaa? 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, na huko hakukuwa na lami ya kuringia.

Nikiwa form three tulikwama njiani na magunia, gari linakohoa tu. Fundi akaja na baiskeli na spana nne. Akafungua kabureta, akaipuliza, akasugua platini kwa msasa. Hata saa haikuisha, tukaondoka.

Haya, chukua 3008 ya petroli ya miaka ile ya tuzo, injini ya 1.2. Mkanda wake wa taimingi unazunguka ndani ya oili. Ukianza kumomonyoka, vipande vinaziba chujio la pampu ya oili, injini inakosa oili, kwisha habari. Mwaka 2024 watengenezaji wenyewe walirefusha dhamana Ulaya, miaka 10 au kilomita 175,000. Mzungu atarudisha gari kwa wakala. Wewe wa Kibondo utalirudisha wapi? 504 inatumia cheni ya chuma, bwana!

Sikatai, 3008 ina eabegi, breki zake ni za uhakika na mafuta inakunywa kidogo. Ningekuwa naendesha Dar mpaka Morogoro ningeichukua. Na najua lami inatufikia siku hizi. Lakini maharage hayaoti kando ya lami.

Halafu mimi nasomea ualimu. Chini ya boneti ya 504 nimeona vijana watatu wakijifunza ufundi kwa macho na mikono, leo wana gereji zao. Kwenye gari la kisasa kijana anaona plastiki tu, mpaka apate kompyuta ya kupimia, na hiyo kompyuta nani kampelekea? Mpelekeeni kwanza, ndipo mtucheke.

Ada yangu ya sekondari yote ilitoka kwenye bodi ya hiyo pick-up. Desemba nitasimama kikaoni niseme haya haya mbele ya wazee. Mwenye hoja ya kunipinga anikute kantini, chai juu yangu.