USIENDE CHINI YA MTI ULIOUNGUA



Miezi ya kiangazi, tangu Januari mpaka Machi, ndiyo miezi ya moto katika misitu yetu. Machi 2009 iliungua misitu ya Mau na Eburru. Machi 2012 ikawa zamu ya Mlima Kenya, na Februari 2022 zamu ya Aberdare. Sisi wa Dundori, tulio kati ya misaipresi, misonobari na mitarakwa ya kale, hatuna sababu ya kudhani kwamba moto utatupita.

Moto ukizuka watu huitwa upesi: vibarua wa msitu, wapasua mbao, na wakulima wenye vipande vya shamba ndani ya msitu. Wote huenda kwa moyo, na hilo ni jema. Lakini miali ikipungua huja kazi ambayo haitajwi sana, nayo ni kuangusha miti iliyoungua, isije ikawaangukia watu au kuvusha moto ng'ambo ya njia iliyofyekwa.

Hatari yake ni hii. Mti mzima ukikatwa hulia kabla ya kuanguka, na mkataji hupata nafasi ya kukimbia. Mti ulioliwa mizizi na moto waweza kuanguka kimya, hata pasipo upepo. Mtarakwa mzee mara nyingi umeoza moyoni. Moto ukiingia shinani hupanda ndani kama katika bomba la moshi, na aliye nje huona gome tu. Matawi makavu nayo hudondoka kwa mtikiso wa msumeno. Mwaka 2017, huko Montana, Marekani, wazima moto wawili waliuawa na miti katika muda wa majuma mawili, mmoja Julai na mwingine Agosti. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo, wenye mafunzo na vyombo. Je, kibarua wetu mwenye panga na kofia ya sufi?

Wako manyapara wasemao kwamba moto haungoji, basi kata upesi. Twawajibu kwamba si kila mti ulioungua lazima ukatwe. Mti ulio mbali na njia, usioweza kuvusha moto, utiwe alama na watu wakatazwe kupita hapo. Kuuacha si uvivu.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga, wala asikate mshahara kwa ajili hiyo. Yampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu, baada ya kumwarifu msimamizi wake, na haruhusiwi kufukuzwa kwa sababu hiyo. Mtu akifa kazini, ofisa wa usalama wa eneo hilo aarifiwe katika saa 24. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahesabu malipo ya kifo kwa mshahara wa miezi 96. Lakini ajali isiyoripotiwa kwa mwajiri katika miezi 12 hupoteza haki yake.

Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Aliyeitwa njiani akapewa panga, jina lake halikuandikwa. Akivunjwa mgongo, nani atakiri kwamba alimtuma?

Kwa hiyo chama chadai mambo haya kabla ya kiangazi kijacho:

1. Kila anayeingia kuzima moto aandikwe jina, na jina la aliyemtuma.
2. Miti iliyoungua ikatwe na waliofundishwa tu, wakiwa na helmeti na buti, na kamwe si usiku.
3. Kila mkataji awe na mwenzake wa kutazama juu, na wengine wote wakae mbali kwa urefu wa miti miwili.
4. Njia ya kukimbilia ifyekwe kabla msumeno haujawashwa.

Nanyi wanachama mna wajibu wenu. Mwenzenu akikataa kuingia chini ya mti mbovu, msimcheke wala msimwite mwoga. Simameni naye wote pamoja mbele ya nyapara. Akisimama peke yake atafukuzwa. Mkisimama ishirini, mti utatiwa alama na kazi itaendelea upande mwingine.