Tukidai Ushindi, Tudai na Maandalizi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufundishwa sana shuleni, na lawama yote huangukia mgema. Mimi naona yafaa tumwangalie mnywaji pia. Akionjeshwa tembo tamu mara moja, naye hubadilika: jana alishukuru kwa kata moja, leo analalamika kwamba mtungi haukujaa.

Hayo ndiyo yaliyotupata sisi mashabiki wa Harambee Stars mwezi Agosti 2025, Kenya ilipoandaa michuano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Michuano hiyo ni ya wanasoka wanaosakata kabumbu katika ligi za nchi zao, na Kenya haikuwa imewahi kuishiriki. Ilitiwa katika kundi moja na Angola, Zambia, Morocco na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hizo mbili za mwisho zilikuwa zimekwisha kulitwaa kombe hilo mara mbili kila moja. Wengi wetu tuliomba tu tusiaibishwe nyumbani.

Kisha mambo yakageuka. Tuliilaza Kongo 1-0, tukatoka sare 1-1 na Angola, tukaibwaga Morocco 1-0 wachezaji wetu wakiwa wamebaki 10, kisha tukaishinda Zambia 1-0 na kuongoza kundi. Kila bao lilipandisha bei ya furaha yetu. Waliokuwa wakiomba sare wakaanza kudai fainali, na Madagascar, wapinzani wetu wa robofainali, wakahesabiwa kuwa daraja la kuvukia. Agosti 22, uwanjani Kasarani, Madagascar ilituondoa kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1. Mashujaa wa juzi wakawa wazembe vinywani mwa watu. Hata hivyo, Madagascar hiyo ilifika fainali, na walioifunga 3-2 ni Morocco, wale wale tuliowashinda.

Sisemi kwamba shabiki asitarajie makuu. Timu isiyodaiwa chochote hulala. Kosa letu ni kudhani kwamba ushindi ukishapatikana umekuwa mali yetu. Timu yetu ya raga ya wachezaji 7 iliicharaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016. Mwaka 2023 ikateremshwa kutoka msururu wa dunia, na ikalazimika kupigania nafasi yake upya hadi ikarejea mwaka 2024.

Walimu wanalijua jambo hili vyema. Shule ikipanda kutoka wastani wa D hadi C katika mtihani wa KCSE, wazazi hucheza ngoma. Mwaka unaofuata ikipata C ile ile, mwalimu mkuu huitwa kujieleza, ilhali maabara haijaongezwa hata meza moja na darasa limezidi kufurika. Mwanafunzi naye aliyejitahidi akatoka nafasi ya 30 hadi ya 12 huulizwa mbona hakuwa wa kwanza.

Kwa hivyo, matarajio yetu yanapopanda, na yapande pamoja na madai ya haki. Tudai viwanja vya vijana mashinani, ligi inayoendeshwa kwa utaratibu, na wachezaji wanaolipwa kwa wakati. Anayetaka mavuno mengi kuliko ya mwaka jana hana budi kuuliza kwanza shamba limeongezwa mbolea kiasi gani.