Simenti Mpya Isichanganywe Parselini

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, hapa Mapendo kila mtu anajua bei ya mfuko wa simenti. Mara nyingi unatoka Uganda, Hima karibu na Kasese au Tororo, na mpaka chukudu iufikishe mlangoni pako watu wengi wamekwisha kula juu yake. Ndiyo sababu nyumba nyingi za mtaa wetu ni za mbao, zimesimama juu ya mawe tuliyoachiwa na Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Kwa hiyo siwalaumu walionijia dispanseri kuuliza habari ya "simenti bila simenti".

Jambo lenyewe ni kweli. Linaitwa jiopolima, jina lililotolewa na Mfaransa Joseph Davidovits katika miaka ya 1970. Simenti ya kawaida hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuru lenye moto wa digrii 1,450 hivi, na viwanda vyake hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na kazi za watu duniani. Kwa jiopolima wanachukua unga wenye silika na alumina, kama majivu ya makaa ya mawe au takataka za tanuru za chuma zilizosagwa, wanautia maji makali ya soda, na mchanganyiko unashikamana ukawa kama jiwe. Uwanja wa ndege wa Wellcamp huko Australia, uliofunguliwa mwaka 2014, umejengwa kwa zege la namna hiyo. Katika Kamerun wataalamu wamejaribu majivu ya volkano.

Sisi Goma hatuna majivu ya makaa, maana umeme wetu unatoka kwenye maji. Mawe ya volkano tunayo, tele. Lakini wengine waliniambia: "Munganga, mgodini kuna mchanga uliokwisha kuoshwa, unatupwa bure. Tuubebe nyumbani tufanye matofali." Hapo nasema hapana.

Kwanza ile soda. Mama wanaopika sabuni ya mawese wanaijua. Mwaka juzi nililetewa mtoto wa miaka minne aliyekunywa katika chupa ya limonadi iliyowekwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na soda ya sabuni. Koo lake liliungua, likapona kwa kovu, na mpaka leo anakula uji tu. Soda ya kutengeneza jiopolima si kidogo. Ni madumu na madumu, nayo hupata moto sana inapokutana na maji. Asidi inaumiza, lakini soda inazidi kuingia ndani ya nyama hata baada ya kuacha kuiona, na jicho linaweza kufa siku hiyohiyo. (Msidhani naisifu simenti ya kawaida. Waashi wetu wananionyesha mikono iliyopasuka kila juma.)

Pili, ule mchanga wenyewe. Koltani huwa na urani na thoriamu kidogo ndani yake, na hakuna anayeweza kukuambia kwa macho ni kiasi gani kimebaki katika yale yanayotupwa. Wenzetu wa Lubumbashi wana kile kilima cheusi kilichotoka katika tanuru za shaba: nacho kina kobalti na zinki. Ni kweli kwamba jiopolima inaweza kufunga baadhi ya sumu zisitoke na mvua. Lakini haizimi miale, na mtoto analala miaka kumi karibu na ukuta huo.

Mimi sikatai kitu hiki. Nataka kompanyi yenyewe ianze: mchanga upelekwe laboratwari kwanza, matofali yafanywe atelieni chini ya mtu mmoja anayejua, yatandikwe uani mwa magari kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Miwani ya macho, glavu za mpira, pipa la maji safi hatua tano kutoka kazini. Nilipoyasema haya katika mkutano wa usalama, mkubwa mmoja alinijibu kwamba kazi yangu ni vidonge. Basi nimeyaandika hapa.

Na kwa wale ambao wamekwisha kununua soda: iwekwe juu, katika chombo chake, chenye alama, si katika chupa ya kinywaji. Unatia soda ndani ya maji pole pole, kamwe usimwage maji juu ya soda. Ikiruka jichoni, acheni mafuta na maziwa. Maji safi tu, dakika 30 bila kupumzika, kope zimefunguliwa kwa vidole, na mwingine akimbie kutuita. Mtoto akiinywa msimtapishe. Suuzeni mdomo, mbebeni mje, hata usiku; mlinzi wa dispanseri anajua mlango wangu.