Herufi 20 na Amana ya Ukweli

Ndugu zetu katika imani, katika mihadhara ya kulinganisha dini hutolewa hukumu nyingi juu ya maandiko ya kale ya Biblia, ilhali ni wachache wanaouliza maandiko hayo yalitambuliwaje. Tumeonelea tulizungumze jambo hili.

Mwaka 1955, katika pango la 7 la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, vilipatikana vipande vya mafunjo vilivyoandikwa kwa Kiyunani. Kimoja, kiitwacho 7Q5, kina mistari 5 na herufi zipatazo 20, nyingine zimefifia. Neno lililo kamili ni moja tu, nalo ni "kai", yaani "na". Mwaka 1972 padri Mjesuiti wa Hispania, José O'Callaghan, alitangaza kuwa hiyo ni Injili ya Marko, sura ya 6, aya ya 52 na 53. Lakini ili madai yasimame, ilibidi ikubaliwe kuwa mwandishi alikosea herufi moja na kuruka maneno matatu. Wataalamu wengi waliyakataa.

Linganisheni na kipande cha Misri kilichotambuliwa na Colin Roberts mwaka 1934 katika maktaba ya John Rylands, Manchester. Ni kidogo kuliko kiganja, lakini upande mmoja ulilingana na Yohana 18, aya ya 31 hadi 33, na upande wa pili aya ya 37 na 38. Pande mbili zilishuhudiana, na shaka ikaondoka.

La kuzingatia ni hili: miongoni mwa waliompinga O'Callaghan walikuwemo Wakristo, kama Kurt Aland wa Ujerumani, ingawa madai yale yangewapa hoja ya kusema kuwa Injili hiyo ni ya zamani zaidi. Hawakuyapokea kwa sababu tu yanapendeza.

Je, sisi? Ni mara ngapi mhadhiri wetu ametaja "ugunduzi mpya", na takbira zikapaa kabla hajataja chanzo? Sisi ni umma wa isnadi. Wanazuoni wetu wa Hadithi walimchunguza mpokezi hata alipoleta habari njema. Mizani hiyo haikuwekwa kwa ajili ya habari zinazotuudhi peke yake. Hoja dhaifu ikivunjwa hadharani, wasikilizaji huidhania haki yenyewe kuwa dhaifu.

Basi tunawasihi wahadhiri wetu: atakayepanda jukwaani aseme alilolihakikisha, na asilolihakikisha alinyamazie. Wabillahi tawfiq.