Mtoto Mwenye Usonji na Fomu ya Upimaji

Wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule zilizo karibu na soko la Kariakoo hurudi na fomu za upimaji ambazo hututia majonzi tuzisomapo. Juu ya mtoto mwenye usonji huandikwa: hajibu salamu, hatazami usoni, hatulii, hawezi kuhesabu. Huenda kila neno ni kweli. Lakini mwalimu atakayeipokea fomu hiyo kesho asubuhi haoni ndani yake pa kuanzia kazi, na mara nyingi hutumika kumwambia mzazi amrudishe mtoto nyumbani mpaka atakapokuwa "tayari". Twaona kwamba fomu hizo zimeandikwa nusu tu.

Tuchukue mfano wa mvulana mmoja wa Darasa la Kwanza ambaye mama yake huuza khanga. Alipimwa ofisini, mbele ya watu wazima watatu asiowajua, huku spika za wachuuzi zikipiga kelele nje ya dirisha. Akaambiwa ahesabu vizibo vya soda. Aliziba masikio, akavizungusha vizibo mezani kimoja baada ya kingine, asitamke neno. Akaandikiwa sifuri.

Mwanachuo wetu aliyekuwa katika shule ile hakuridhika. Alikwenda kwa mama yule saa za jioni, akaketi kando bila kuuliza swali. Alimwona mtoto akipanga doti za khanga. Mwanzoni alidhani anazipanga kwa rangi, kumbe rangi zilikuwa zimechanganyika. Alikuwa akizipanga kwa jina: kila doti yenye maneno yaleyale aliiweka katika fungu moja, hata kama pindo na mji vilikuwa tofauti kabisa. Mtoto aliyeandikwa kwamba hajui herufi alikuwa akilinganisha sentensi nzima kwa macho, tena bila kukosea. Mwanachuo akarudi shuleni, akaandika kadi za maneno kwa herufi kubwa kama zile za khanga. Kadi zote zilipatanishwa.

Wala jambo hili si ajabu la mtoto mmoja. Leo Kanner, daktari wa Marekani aliyeeleza hali hii mwaka 1943 kwa kuwachunguza watoto 11, alitaja tangu siku zile kumbukumbu zao zilizo bora. Mwaka 2007 Michelle Dawson, Laurent Mottron na wenzao huko Kanada walitoa matokeo yanayotuhusu zaidi sisi wapimaji. Watoto 38 wenye usonji walipewa majaribio mawili ya akili. La kwanza, la Wechsler, sehemu yake kubwa huhitaji maneno. La pili, la Raven, humwonyesha mtoto mchoro uliopungukiwa kipande naye akachagua kinachofaa. Kama watoto mia wangepangwa mstari kwa alama zao, watoto hao walisogea mbele kwa wastani wa nafasi 30 hivi walipopimwa kwa jaribio la Raven. Watoto ni walewale. Kilichobadilika ni swali.

Yapo pia mambo tunayoyahesabu kuwa kasoro bila kuyatazama vizuri. Fomu huuliza kama mtoto hutazama usoni. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliofundishwa na bibi zao kuinamisha macho mbele ya mkubwa? Tena mwalimu husema "Hujambo?" naye mtoto hujibu "Hujambo?" Mwalimu hucheka au hukasirika, akaandika kwamba mtoto hajui lugha. Ajuavyo mtoto ni kwamba mtu akisema nawe yafaa useme naye, na amelitoa neno alilo nalo. Hapo somo limekwisha kuanza.

Walimu wenzetu kadhaa hutupinga. Husema tukiandika mema tu mtoto atanyimwa msaada, na wakubwa watasema hahitaji kitu. Hoja yao ina uzito, nasi hatupendi fomu ya sifa tupu. Mvulana yule hukimbia asikiapo honi, na Mtaa wa Msimbazi haumsubiri mtoto. Hilo sharti liandikwe wazi tena mapema, pamoja na jina la mtu mzima atakayemshika mkono wakati wa kutoka. Vilevile tusianze kuwinda vipaji vya ajabu. Wengi hawapangi khanga wala hawakariri vituo vya mwendokasi kutoka Kimara hadi Gerezani. Yuko mtoto ambaye uwezo wake wa leo ni kukaa mkekani dakika tano, mradi apewe kipande cha kamba cha kuzungusha vidoleni. Iandikwe hivyo: dakika tano, pamoja na kamba. Mwalimu wa kesho atajua asimnyang'anye.

Jijini zipo shule zenye vitengo vya watoto hao, kama Msimbazi Mseto, na Chuo cha Patandi kule Arusha huandaa walimu wa elimu maalumu. Hata hivyo, mara nyingi mwalimu wa kwanza kukutana na mtoto ni wewe mwanachuo, katika darasa la kawaida lililojaa pomoni, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhesabu mtoto huyo kuwa na haki ya elimu kama wenzake.

Mwanachuo wetu aliandika fomu ya pili: "Hulinganisha maneno yaliyoandikwa. Hufanya kazi vizuri asubuhi, mahali pa kimya, akionyeshwa badala ya kuambiwa. Kelele za ghafla humtisha na hukimbia. Ashikwe mkono langoni. Hesabu hazijapimwa." Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akauliza zile kadi ziko wapi. Jumatatu iliyofuata dawati la mtoto lilihamishwa upande wa ukutani, mbali na dirisha la barabarani.