Theluji ikizidi, nani aseme ‘funga’?

KILA asubuhi, kati ya Desemba na Aprili, vituo vya mchezo wa kuteleza kwenye theluji katika milima ya Alps, huko Austria, Uswisi, Ufaransa na Italia, huwa na taarifa mbili. Ya kwanza ni ya biashara: theluji ina kina cha sentimita ngapi bondeni na ngapi kileleni, na lifti ngapi za kuwapandisha watu mlimani zinafanya kazi. Ya pili ni ya hatari: uwezekano wa theluji kuporomoka uko katika daraja la ngapi, kuanzia moja hadi tano.

Siku nyingi taarifa hizi hazigombani. Ugomvi huanza pale theluji inapoanguka mfululizo kwa siku tatu au nne. Hapo tarakimu ile ile inayomfurahisha mwenye hoteli ndiyo inayomnyima usingizi mkuu wa usalama.

Msomaji ataniuliza: sisi tunaovuka mpaka na magunia ya maharage, theluji ya Wazungu inatuhusu nini? Naomba anivumilie, nitamjibu kabla sijamaliza.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Theluji hujipanga tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Tabaka moja la chini likiwa dhaifu, halishikani na lile lililo juu yake. Mzigo mpya ukiongezeka, vyote vilivyo juu huteleza kwa pamoja. Hatari kubwa iko kwenye miteremko yenye mwinuko wa kati ya nyuzi 30 na 45, na hiyo ndiyo miteremko ambayo watelezaji hodari huipenda.

Uzito wake nao si wa mchezo. Theluji mpya iliyo laini ina uzito wa takriban kilo 100 kwa mita moja ya ujazo. Ikisukumwa na upepo na kushindiliwa, hupita kilo 300. Upepo huikusanya upande mmoja wa mlima, hivyo kipimo cha bondeni hakikuambii kilichoko juu. Ikishaporomoka, ile ya unga huweza kwenda kasi ya kilomita 300 kwa saa. Aliyefunikwa ana matumaini makubwa katika dakika 15 za mwanzo tu. Baada ya hapo hewa humwishia.

Ndiyo maana siku ya kuogopwa zaidi mara nyingi si ile ya dhoruba, bali ile inayofuata, jua likiwaka na anga likiwa buluu. Watu wamefungiwa hotelini siku kadhaa, wamelipa fedha zao, na sasa wanataka kutoka. Vituo vyenye uzoefu huwatuma walinzi kabla ya alfajiri walipue baruti, ili theluji iporomoke mapema pasipo mtu. Lifti za juu hubaki zimefungwa, na barabara pia, hata kama wageni wananung’unika.

Nakumbuka Februari 1999. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania. Jioni moja redio ilitangaza kwamba watu wamekufa Austria kwa kufunikwa na theluji. Tulicheka, na sioni fahari kulisema. Tuliona ni muujiza kwamba watu wa nchi tajiri, wenye barabara za lami na helikopta, wanaweza kuuawa na maji yaliyoganda. Tulidhani kifo cha namna hiyo ni cha maskini peke yao.

Kijiji kile kinaitwa Galtür, katika bonde la Paznaun, jimbo la Tirol. Tangu mwishoni mwa Januari mwaka ule dhoruba zilifuatana, na katika wiki chache theluji ya takriban mita nne ilianguka. Barabara ya bonde ilifungwa kwa usalama. Maelfu ya wageni walikwama, wengi wakiwa familia zilizokuja likizo. Kiwango cha hatari kilipanda hadi daraja la tano, ambalo ndilo la mwisho.

Tarehe 23 Februari, kama saa kumi jioni, mlima uliachia. Watu 31 walikufa. Hali ya hewa ilizuia helikopta, kwa hiyo usiku ule wanakijiji na wageni wao walichimba wenyewe. Msaada wa kutoka nje ulifika asubuhi. Siku iliyofuata maporomoko mengine yaliua watu saba Valzur, kitongoji cha bonde hilo hilo. Ndipo helikopta za Austria na za nchi rafiki, zikiwamo za jeshi la Marekani, zilipowahamisha maelfu ya watu.

Hapa ndipo penye somo. Galtür haikuwa imelala. Austria ilikuwa na ramani za hatari: eneo jekundu hujengi, la njano unajenga kwa masharti, na lililobaki ni salama. Theluji ya mwaka 1999 ilivuka mistari hiyo, ikazikuta nyumba zilizohesabiwa kuwa mahali salama. Ramani ilichorwa kwa kumbukumbu za zamani, na mlima ukafanya jambo ambalo halikuwamo katika kumbukumbu hizo.

Mwezi ule ule, tarehe 9, maporomoko yaliua watu 12 Montroc, karibu na Chamonix, Ufaransa. Tarehe 21 wengine 12 walikufa Evolène, Uswisi. Mwezi ulikuwa mmoja na dhoruba zilikuwa zile zile, lakini sheria ziliamua tofauti. Mwaka 2003 mahakama ya Ufaransa ilimtia hatiani meya wa Chamonix kwa kutowahamisha watu, ikampa kifungo cha nje cha miezi mitatu. Nchini Uswisi, kiongozi wa kijiji na mkuu wa usalama walitiwa hatiani, na Mahakama ya Shirikisho ikaithibisha hukumu hiyo mwaka 2006. Austria ilichunguza, lakini hakuna aliyepandishwa kizimbani.

Mtu anaweza kusema kwamba kumhukumu meya kwa sababu ya mlima ni uonevu. Sikubaliani naye kabisa, wala simpingi kabisa. Hakuna aliyemshitaki meya kwa kuleta theluji. Swali lilikuwa: ulijua nini, lini, na ulikuwa na mamlaka gani ya kuwatoa watu? Hilo ni swali la haki kwa kiongozi yeyote.

Lakini tujiulize pia kiongozi huyo anasimama wapi. Ufaransa, meya ndiye mwenye mamlaka ya usalama katika eneo lake. Tirol, kamati ya wenyeji wanaoujua mlima humshauri meya. Waliompigia kura ndio hao hao wenye hoteli, mikahawa na maduka ya kukodisha vifaa. Akifunga na mlima usiporomoke, watasema amewatia hasara kwa woga. Akiacha wazi na mlima ukaporomoka, atazika watu. Aliyefunga kwa busara hapati shukrani, kwa sababu msiba uliozuiwa hauonekani.

Na shinikizo hilo linakua. Joto la dunia linapunguza theluji katika vituo vya chini, na vingi huishi kwa kutengeneza theluji kwa mashine. Mfanyabiashara aliyesubiri majira mabaya mawili, akapata theluji ya kweli wiki moja, ni vigumu kumwambia asubiri siku mbili zaidi.

Hata hivyo, somo lilieleweka. Galtür walijenga ukuta mkubwa wenye urefu wa zaidi ya mita 300, na ndani yake wakaweka jumba la makumbusho. Kuta za chuma ziliwekwa mlimani ili kuishika theluji pale pale inapoangukia. Ramani zilichorwa upya.

Mwezi Mei 2025, huko Blatten, Uswisi, wataalamu waliona mlima unasogea. Tarehe 19 wakazi wapatao 300 waliamriwa kuondoka, na mifugo yao pia ikahamishwa. Tarehe 28 mwamba na barafu vilikifukia karibu kijiji kizima. Mtu mmoja alipoteza maisha, lakini wale 300 walikuwa wameokoka. Safari hiyo aliyesema “ondokeni” alisikilizwa kabla ya kishindo.

Sasa nimjibu msomaji wangu. Sisi hatuna theluji, lakini tuna Gatumba. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji ya Rusizi na ya Ziwa Tanganyika yaliingia majumbani na barabarani, pale pale wanapopita wafanyabiashara wa Bujumbura na Uvira. Mvua inayotupa maharage ndiyo inayotufungia njia, kama theluji inayomlisha mwenye hoteli ndiyo inayomzika.

Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tuna udhaifu wa pekee katika jambo hili. Tumekuwa mbali miaka mingi. Mtu akikuonyesha kiwanja cha bei nafuu wakati wa kiangazi, kikavu na kizuri, huna kumbukumbu ya maji yalifika wapi zamani. Anayekumbuka ni mzee aliyebaki, naye mara nyingi hakuna anayemuuliza. Nasi tukisikia “hapa hapajawahi kufurika”, tunapokea kama hati.

Galtür inatuambia kwamba “hapajawahi” si kinga. Waliolala katika nyumba zile walikuwa na ramani ya serikali, nasi mara nyingi tuna neno la muuzaji tu. Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kabla ya kujenga, tuwaulize wazee na wataalamu wa maji, wote wawili, maana mmoja ana kumbukumbu na mwingine ana vipimo. Na mwenye mamlaka akifunga barabara au akituambia tuhame, tusimpime kwa faida tuliyoikosa wiki ile. Tumdai sababu, tumdai mahali pa kwenda, lakini tusimfundishe kuogopa kusema “funga”.

Yule kijana aliyecheka kambini mwaka 1999 leo anafundisha jiografia. Nikifika kwenye somo la milima mirefu, huwaambia wanafunzi wangu habari za Galtür. Na wao hucheka kwanza, kama nilivyocheka mimi. Kisha nawauliza nyumba zao zimejengwa wapi.